Guguna Aliyefumba Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Asiyeamini anyooshe mkono sasa hivi, nimwone. Akinishinda kwa ubishi, kofia yangu hii achukue. Na wewe mwenye pengo unayecheka huko mbele, funga mdomo, upepo unaingia!

Zamani za mababu wa mababu, fisi walihama pango lao kufuata maji. Huko njiani, jino la mbele la Guguna, fisi mdogo, likaanza kucheza. Tiki-tiki! Tiki-tiki!

Binamu yake Ropoka akaliona. "Ohoo! Jino la kwanza hurushwa juu ya pango, kunguru alichukue alete jipya. Pango tumeliacha nyuma. Likikudondoka huku, kwisha! Kibogoyo mpaka kaburini!"

Guguna akafumba mdomo. Hali. Hasemi. Mama akiuliza, "Mwanangu, una nini?" yeye, "Mmm."

Siku ya pili vumbi likaja. Vuuuu! Jua likapotea. Guguna hamwoni mama, haoni hata pua yake. Na kwenye vumbi fisi wana desturi moja: mama huita, mtoto huitika. Asiyeitika hudhaniwa ametangulia na wenzake.

"Gugunaaa!"

Kimya.

"Gugunaaa!" Sauti inakwenda mbali.

Nyuma yake nyasi zikalia. Chaka. Chaka. Harufu ya simba! Guguna akakaza midomo. Jino, tiki. Nyasi, chaka. Sauti ya mama, nyembamba kama ya mbu.

"Uuuu-wiii! Mamaaa!"

Pwa! Jino likaruka, vumbi likalimeza. Mama akaja kama jiwe la kombeo, akamnyakua shingoni, mbio!

Walipopona, Guguna akaangua kilio. "Nimekwisha, mama! Jino limepotea, kunguru hatalipata!"

"Achama, baba."

Mama akapapasa pengo kwa ulimi. "Lipo! Ncha hii hapa. Hili jipya ndilo lililolisukuma lile. Kunguru tunampa la zamani kwa heshima tu. Jipya unalo mwenyewe."

Basi, wakubwa kwa wadogo: kinachoondoka kimekipisha kinachokuja. Na mwenye hofu aseme, mdomo uliofumbwa hauna mwokozi.

Hadithi yangu imekomea hapo.

Haya, ngojeni. Kuna kipande nilikiruka, kinanikaba koo. Mama alipapasa mara mbili, hakuhisi kitu. Mara ya tatu ndipo akaikuta ile ncha.

Hizo mbili za kwanza, Guguna hakuambiwa.