Ngiri na Mvukuto wa Kakakuona

Mmekula, mmeshiba, mmelamba na sufuria, sasa mnataka hadithi. Mimi redio? Mgongo unauma, meno yamebaki matatu, na bado mnanisemesha. Haya, sogeeni. Tunu, wewe uliyenuna tangu asubuhi eti mwenzio kasifiwa chapati, kaa hapa mbele. Hii ni yako.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa moto, pakawa makaa. Na mwenye kijicho?

Aungue mwenyewe!

Hapo kale, Kakakuona alikuwa mhunzi. Yale magamba yake mnadhani ya nini? Cheche zilimwangukia zikateleza. Lakini akazeeka, macho yakaanza kumzimika. Akatangaza: "Nafundisha kufua visu. Waje wasiojua kitu. Atakayeiva, namwachia nyundo yangu."

Wakaja wawili. Ngiri, meno yamejikunja nje ya mdomo, na Pimbi, kadogo, kaviringo, hata mkia hana.

"Na wewe umefuata nini hapa?" Ngiri akamwuliza. "Nyundo ile ni nzito kuliko ukoo wenu mzima."

"Nimefuata kujifunza. Wewe je, umefuata kusifiwa?"

Kakakuona akawatajia masharti ya kiwanda, moja moja, la mwisho likiwa la mvukuto. Pimbi katega masikio. Ngiri kainamia ndoo ya maji, anajitazama meno.

Siku ya kwanza wakafua msumari. Wa Pimbi ukanyooka. Wa Ngiri ukapinda kama meno yake. Kakakuona akaipapasa yote miwili, akasema: "Pimbi, mkono wako unasikiliza. Ngiri, mkono wako unapiga kelele."

Roho ikamkwaruza Ngiri. Akasonya.

Siku ya pili wakafua ndoano. Ya Pimbi ikakamata. Ya Ngiri ikafunguka. "Pimbi, mkono wako unasikiliza. Ngiri, mkono wako unapiga kelele."

Roho ikamkwaruza zaidi. Akimwona Pimbi anacheka, anaona anachekwa yeye. Akimwona Pimbi kanyamaza, anaona anasengenywa kimoyomoyo. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, na hauna dawa dukani.

Siku ya tatu ikawa kisu.

Sasa sikilizeni. Kisu hakifuliwi na mmoja. Mwenye chuma hushika koleo na nyundo. Mwenzake hukaa chini kwenye mvukuto, anaupulizia moto upepo. Zamu ya Ngiri kufua, Pimbi akavuta mvukuto, anaimba:

"Vuu, vuu, taratibu, mwenzangu,
kazi yako imo pumzini mwangu!"

Chuma kikiiva rangi ya embe, Pimbi anaacha. Kikipoa, anavuta. Ngiri akafua kisu, na siku hiyo, sijui ilikuwaje, kikatoka kizuri.

Angeridhika, hadithi ingeishia hapa, mkalale. Hakuridhika.

Ikaja zamu ya Pimbi, Ngiri kakaa kwenye mvukuto. Kisu chake chembamba, kimenyooka, makali yanaonekana hata kabla ya kunolewa. Pimbi akakirudisha motoni mara ya mwisho, akasema, "Ndugu yangu, niangalizie, nafuata mafuta ya kukizimia."

"Nenda, ndugu yangu," Ngiri akajibu, mtamu kama asali.

Pimbi kugeuka tu, Ngiri akavuta mvukuto. Vuu! Vuu! Vuu! Chuma kikapita rangi ya embe, kikawa cheupe, kikarusha cheche. Chuma cha hivyo kimekufa ndani, hata kama usoni kinang'aa. Akakiacha kipoe mpaka kikarudia rangi ya embe. Pimbi akarudi, akakitumbukiza kwenye mafuta. Chwaa! Hakujua kitu.

Jioni Kakakuona akaleta mfupa wa nyati. "Kila kisu mapigo matatu."

Cha Ngiri: ko! Ko! Ko! Kizima. Ngiri akainua mkia juu.

Cha Pimbi: ko! Ko! Kacha! Vipande viwili.

Pimbi akalia. Ngiri akanyoosha mkono: "Mzee, nipe nyundo yangu."

"Ngoja," Kakakuona akasema. "Kisu hiki nani alikivutia mvukuto?"

"Mimi," Ngiri akasema, bado anacheka.

"Na chako?"

"Pimbi."

"Basi umejihukumu. Nilisema siku ya kwanza: kwenye kiwanda changu, kisu kikisimama, sifa ni ya mvukuto. Kikivunjika, kosa ni la mvukuto."

"Sikusikia!"

"Ungesikiaje? Ulikuwa ndooni na meno yako."

Nyundo akapewa Pimbi. Sifa ya kisu kizuri cha Ngiri, Pimbi tena. Ngiri angekivutia vizuri kisu cha Pimbi, sifa yake ingekuwa ya Ngiri. Mwenye kijicho huunguza cha mwenzake, kumbe anaunguza chake. Umesikia, Tunu? Usinitazame hivyo.

Hadithi yangu imezimwa kwenye mafuta. Aitakaye na aivutie moto mwenyewe.

"Bibi, na faini? Ngiri alilipa nini?"

Alilipa magoti. Kakakuona alimpigisha magoti kwenye mvukuto, awavutie wanafunzi wote waliokuja baada yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka magoti yakaota sugu na miguu ikasahau kusimama mbele ya chakula. Kamwangalieni kesho porini anavyokula majani.