Ndugu Aliyekohoa

Wapendwa, palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, wakulima, mashamba yao yamepakana, katikati kinjia tu cha mtu kupita na mzigo wake kichwani. Mkubwa na mdogo. Na ndugu hawa walikuwa hawasemezani.

Kisa? Maneno. Baba yao alipofariki, yule mkubwa alisimama matangani, mbele ya wakwe na majirani, akamwambia mdogo wake, "Wewe umekuja kuzika. Kuuguza hukuja." Na lililouma ni kwamba ilikuwa kweli. Uongo mtu huukanusha yakaisha. Ukweli hukufuata mpaka kitandani. Mdogo mtu akaapa mbele ya mkewe: "Yule sitamwita kaka tena mpaka naingia kaburini."

Na akaweza! Wakikutana kisimani, huyu anatazama ndoo. Wakikutana kanisani, ndiyo, kanisani, kitabu kimoja cha nyimbo, huyu anajifanya anafunga kamba za viatu. Mkewe alichoka, akamwambia, "Baba Atupele, salamu itakupunguzia nini?"

Akajibu, "Aanze yeye. Yeye ndiye aliyenivua nguo mbele za watu."

Basi siku moja mdogo mtu alikuwa anaangusha mkaratusi shambani kwake. Jua limepanda, watu wamerudi majumbani kula, yuko peke yake na shoka lake. Kazi ile mnaijua: ikifika mahali, husikii shoka tena, unasikia mti wenyewe. Ukaanza kulia, kwaaa. Akaruka pembeni, akautazama unakoelekea. Ulikuwa unaelekea kwenye kinjia. Na kwenye kinjia anakuja kaka yake, amejitwika majani ya ng'ombe, yamemfunika mpaka mabegani, anaona miguu yake tu.

Saa kama ile, wapendwa, inataka maneno mangapi? Mawili. Kaka, kimbia! Hata mlevi angeyapata.

Mdogo mtu akafungua kinywa. Neno la kwanza likapanda mpaka kooni, na pale kooni likakuta kiapo kimekaa. Kaka. Muda wote ule hakulitamka. Leo alitamke, tena aanze yeye? Sikilizeni alichofanya.

Alikohoa.

Alikohoa, kama mtu anayepiga hodi kwa watu asiowajua!

Yule mkubwa akasikia. Akasimama palepale. Akaushika mzigo kwa mikono miwili, akageuza shingo taratibu amwone aliyekohoa. Mti ukamkuta amesimama.

Hakufa. Majirani walikuja mbio, wakamtoa, wakambeba kwa machela ya miti hadi barabarani, akafikishwa hospitali. Mguu mmoja ukakatwa chini ya goti. Kijiji kizima kikasema ni ajali, na mdogo mtu akawaacha waseme. Lakini chakula kilikuwa hakimshuki. Mkewe akimwuliza una nini, anasema ni uchovu.

Siku alipojikaza kwenda kumwona, alikuta kitanda kimezungukwa na wageni, na kaka yake, pamoja na kukonda kote kule, anacheka. Anawaambia, "Mguu umekwenda, lakini ndugu yangu nimempata. Nilimsikia akikohoa. Nikasema moyoni, leo mdogo wangu anataka kunisalimu. Nikasimama nimngoje."

Mmesikia? Alisimama amngoje! Yule mdogo angenyamaza kabisa, huenda mwenzake angepita salama.

Wageni wakaitikia, "Mungu ni mwema." Mdogo mtu akatamani ardhi ipasuke immeze. Walipotoka, akasema, macho kwenye shuka, "Kaka. Sikutaka kukusalimu. Niliuona mti unakujia."

"Uliuona?"

"Niliuona. Nikashindwa kukuita."

Mkubwa akageukia ukutani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungenitukana tu. Hata kwa tusi ningekimbia."

Wapendwa, watu wa kukohoa ndio sisi. Mtoto wa jirani anazama kwenye pombe, tunakohoa: "Vijana wa siku hizi, mh!" Dada yetu anapigwa ndani ya ndoa yake, uso umevimba, tunakohoa: "Mambo ya nyumbani hayo." Yakishaharibika tunasema, "Mimi nilimwonyesha." Ulimwonyesha kwa lugha gani? Kwa kumnunia? Kwa fumbo la kwenye khanga? Mti unaanguka, sisi tunachagua neno ambalo halitatushusha! Na yule mtu, kwa vile anatupenda, anasimama kusikiliza tunachotaka kusema.

Nawaona mmeinamisha vichwa. Na mimi nimeinamisha. Lakini aibu ya kuinamia sakafu haimwokoi mtu. Kuna jina umelifungia kinywani, unalijua. La mama yako. La mkeo. La rafiki uliyekula naye sahani moja. Usingoje lije na maneno mazuri. Litoke na machozi, litoke na kigugumizi, litoke hata na hasira, mradi litoke likiwa neno, na mwenzako alisikie angali na miguu ya kukimbilia.