Viazi Vitatu vya Mwanaiki

Kipande kibichi hakifukiwi. Ndivyo nilivyomjibu Bi Rukia jana, alipoleta posa ya kumtaka shangazi yenu Zuwena, aliyetoka eda ya kufiwa na mumewe juzi tu. Nyinyi mkacheka, mkadhani bibi yenu anazungumzia mapishi. Basi kaeni mjue methali hii ilianzaje.

Zamani, hapa hapa kwetu Pemba, alikuwapo mkulima akiitwa Shaame, na mkewe Mwanaiki. Mwaka huo jua liliunguza mashamba, na ndani ya nyumba yao vikabaki viazi vikuu sita tu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa mbegu. Vikiharibika, mwaka wa pili ni njaa. Na kabla ya mvua za vuli kuanza, homa ikamchukua binti yao wa pekee, Hadia, mwenye miaka mitano.

Matanga yakaondolewa siku ya tatu, kama ilivyo ada. Siku ya nne mvua ikanyesha. Shaame akampa mkewe kisu na viazi vitatu.

“Tukate, tupande leo leo,” akasema. “Mvua haimngoji mtu. Na kazi itakusahaulisha.”

Msimlaani, hakuwa mtu mbaya. Aliiogopa njaa, na dawa aliyomwandikia mkewe ndiyo aliyokuwa akiinywa mwenyewe. Hata mazikoni hakudondosha chozi.

Shaame akavikata viazi vyake vipande vipande, akavifukia siku ile ile, utomvu ungali unachuruzika. Mwanaiki naye akakata vyake, lakini alipoinuka kwenda shambani akaviona viatu vya Hadia mlangoni. Akaviacha vipande juu ya jamvi barazani, akaingia ndani kulia. Wiki nzima hakuvigusa. Shaame alivipita kila asubuhi akinung'unika kwamba mbegu imekwisha kuharibika. Siku ya nane tangu avikate, Mwanaiki akatoka, akavipanda hivyo hivyo vilivyokauka uso, akasaza kimoja kilichokosa shimo.

Mvua ikaendelea kunyesha. Upande wa Mwanaiki machipukizi yakatoka, yakaanza kutafuta miti ya kupandia. Upande wa Shaame kimya. Akafukua shimo la kwanza, akakuta uji unaonuka. La pili, vivyo hivyo. Akafukua yote, hakikusalia hata kipande kimoja. Akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na hofu.

“Mama Hadia! Vyako umevifanya nini?”

Mwanaiki akaja na kile kipande kilichosazwa. Pale kilipokatwa siku ile, kilikuwa kimeota ngozi ngumu ya kahawia. Akakipasua katikati, akamimina maji pande zote mbili. Kwenye ngozi maji yaliteleza yakaanguka. Kwenye jeraha jipya yalituama, yakachanganyika na utomvu.

Khatibu mjukuu wangu, wewe uliyesoma utasema kwamba seli zilizo chini ya jeraha hupaka kuta zake kitu mfano wa nta, maji yasipite wala uozo usiingie. Sawa, baba. Mwanaiki hakusoma, lakini aliona.

“Sikuvifanya kitu, baba Hadia,” akasema. “Vimejishonea ngozi vyenyewe. Mimi nilivipa siku zake tu. Vyako umevizika na jeraha bichi kwenye tope, vingefanya nini?”

Shaame akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza.

“Na mimi ulitaka kunifukia hivyo hivyo,” mkewe akaongeza. “Siku ya nne.”

Shaame akakaa chini, pale pale juu ya tuta. “Mimi nimekwisha kujifukia, mama Hadia,” akasema, “na ndani naoza.” Akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, akilitaja jina la mwanawe. Mwanaiki akakaa kando yake, na siku hiyo hakuna aliyeshika jembe tena.

Mavuno ya viazi vile vitatu yaliwavusha mwaka, kwa kubana. Tangu hapo, mtu akiharakishwa kidonda chake kingali kibichi, watu wa Pemba humtetea kwa methali hii.

Sasa, mnamsikia Zuwena akilia huko jikoni? Anasingizia moshi. Bi Rukia akirudi nami niko kwenye sala, msicheke tena, wala msimwite Zuwena aje. Mpeni maji ya kunywa, kisha mwambieni kwa adabu: kipande kibichi hakifukiwi.