Konzi Moja ya Udongo

Hapo zamani, Mwingereza akitawala huku na Mreno akitawala ng'ambo ya Ruvuma, Muheza kulikuwa na mwanamke aitwaye Somoe. Baba yake alikuwa manamba, mkata mkonge, Mmakonde aliyevuka mto akiwa kijana na asirudi kwao tena. Mtu mkimya huyo! Ukimuuliza habari za kwao, anashika kisu anachonga kijiko. Somoe akawa na vijiko tele, ndugu wa upande wa baba hana hata mmoja.

Mzee alipofariki, aliacha kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuandikishwa manamba. Kimeandikwa jina, Mpelumbe, na kijiji alikotoka. Basi Somoe akachota konzi moja ya udongo wa kaburini, akaufunga kwenye leso, ili baba alale kwao japo kwa kiasi hicho.

Mama yake, Bi Semeni, hakufurahi. "Miaka ishirini na sita nimempikia, nimemuuguza. Hao kwao hawakuwahi hata kuuliza. Nenda, mwanangu, lakini moyo ukisita, nirudishie mume wangu."

Somoe akaenda. Akaenda siku, akaenda wiki, akavuka Ruvuma, akauliza, akaelekezwa. Akamkuta mama mzazi wa Mpelumbe, kikongwe, anamenya mihogo. Alikuwa hajamlilia mwanawe hata siku moja, maana kwake alikuwa safarini tu.

"Mjukuu wangu!" Wakakumbatiana, wakalia. Somoe akamweleza habari za kifo na za ule udongo, akamtolea kijiko kimoja cha baba. Bibi akakigeuza, akakigeuza tena.

"Alikuwa akichonga kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, bibi."

Bibi akaita jirani: "Nanjota! Njoo utazame kazi ya kaka yako."

Sikilizeni. Vijana wawili, Mpelumbe wa mkono wa kulia na rafiki yake Chikawe wa mkono wa kushoto, kaka wa Nanjota, waliondoka pamoja kwenda kuandikishwa mkonge. Mpelumbe akapewa kipande. Chikawe, kwa wembamba wake, akakataliwa. Homa ikaua mmoja kambini, na kijijini ikafika habari kwamba aliyekufa ni yule aliyekataliwa. Kumbe aliyekufa ni mwenye kipande, na Chikawe akakichukua akaenda nacho. Ndiyo maana hakurudi. Angemtazamaje mama wa rafiki yake?

Nanjota akacheka huku analia. "Miaka yote nimemlilia mtu, kumbe yuko anachonga vijiko! Shangazi yako ni mimi, Somoe. Udongo huo ni wangu. Tumbo moja lilituzaa."

Bibi akasema polepole, "Wewe, Nanjota, umepata mtoto wa kaka yako. Mimi leo nimefiwa, na sijui hata mwanangu alikofukiwa. Somoe, baba yako alilivaa jina la mwanangu, akala nalo, akaoa nalo, akazikwa nalo. Nipe, nami nipate pa kulilia."

Na masikioni mwa Somoe ikaja sauti ya tatu: nirudishie mume wangu.

Nakuona wewe pale, unataka kusema waugawane. La! Kwa watu wale, ulipolazwa udongo wa kaburi ndipo alipo marehemu, naye halazwi mahali pawili.

Somoe akafungua leso. Wanawake wawili wamekinga viganja, na wa tatu yuko Muheza anatazama njia. Je, nani alistahili ule udongo?