Pembetatu Isiyofunga

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, yaani afanyaye jambo kwa utulivu huepuka makosa ya wenye papara. Shuleni methali hii huandikwa ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza, kisha somo la hesabu likianza mwalimu huuliza, "Nani wa kwanza kumaliza?" Tangu lini akili ikapimwa kama mbio za magunia?

Katika darasa moja la saba palikuwa na msichana ambaye mwalimu wa hesabu alimbandika jina la Kobe. Alisoma kila swali mara mbili na kuchora alichokisoma, na kengele ilimkuta kalamu ingali mkononi. Mwaka uliotangulia alirudishwa darasa kwa sababu hiyo hiyo. Akirudishwa tena, angekaa dawati moja na mdogo wake, binti mwenye ulimi mkali kama wembe.

"Dada, nifutie vumbi kiti cha dawatini kwako," alimwambia wakiosha vyombo. "Nakuja."

Kobe alicheka, lakini moyoni aliumia.

Siku ya kurudishiwa mitihani, alikuta amepungukiwa alama za swali moja tu ili avuke darasa. Swali lenyewe lilitaka mzingo wa pembetatu yenye pande za sentimita tatu, nne na tisa. Darasa zima lilijibu kumi na sita. Yeye aliandika, "Pembetatu hii haipo." Mwalimu alikuwa amelikata jibu hilo kwa wino mwekundu hadi karatasi ikachanika.

Kobe alisimama. Hasira ilimpa nguvu.

"Mwalimu, naomba uichore."

"Nichore nini? Mwongozo wa kusahihisha unasema kumi na sita."

"Mwongozo haujaichora, mwalimu."



"Kaa chini."

"Nikikaa, nitakaa mwaka mzima, mwalimu. Ichore kwanza."

Mwalimu alichukua chaki na rula kubwa ili amkomeshe. Alichora ule upande wa sentimita tisa, kila moja akiikuza mara kumi ili hata waliokaa nyuma waone. Akasimamisha wa tatu huku na wa nne kule. Ncha hazikukutana. Akazifuta, akazichora zikiwa zimelala kidogo. Hazikukutana. Akazilaza kabisa juu ya mstari mrefu, na bado katikati pakabaki pengo la kupitisha kiganja.

Umeme, mwanafunzi aliyezoea kumaliza wa kwanza, alijikuna kichwa. "Sisi tulijumlisha tu, mwalimu. Hatukuiangalia."

Mwalimu aliiweka rula chini. "Hata mimi sikuiangalia," alisema kwa sauti ya chini, akaomba karatasi ya Kobe na kuandika alama zake kando ya ule mchaniko. Kisha, maana mazoea yana taabu, akaongeza, "Lakini jifunze kuharakisha."

"Nikiharakisha, mwalimu, nitapata kumi na sita."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia.

Mwaka uliofuata mdogo mtu alikipata kiti alichokitaka. Kilikuwa kimefutwa vumbi vizuri na dada yake, ambaye alikwisha kukiacha na kwenda zake mbele. Mwenda pole hajikwai.