Mduara wa Tatu wa Tochi

Palikuwa na marafiki watatu waliokuwa wakiingia baharini usiku ili watazame tu. Hawakuvua wala hawakutega. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari, wa pili nesi, wa tatu fundi wa majokofu. Mara moja kwa mwezi walibeba mitungi ya hewa mgongoni, wakashika tochi, wakaingia kwa miguu kutoka ufukweni na kupiga mbizi mpaka kwenye matumbawe.

Naona mnatabasamu, wapendwa, hapo kwenye mabenchi. Mnajiuliza, mtu mwenye akili zake atajitesa hivyo kwa samaki ambaye hatamla? Lakini nani kati yetu hana jambo ambalo jirani yake akilitazama halielewi?

Chini ya maji watu hawasemi, na usiku hata ishara za mikono hazionekani vizuri. Kwa hiyo wapiga mbizi wana desturi yao. Anayetaka kujua hali ya mwenzake huchora mduara kwa mwanga wa tochi juu ya mchanga. Maana yake: uko sawa? Mwenzake akiwa sawa, naye huchora mduara. Akiwa na shida, huyumbisha tochi kushoto na kulia. Tena kila mmoja ana kipimo cha hewa ubavuni, kinachoanza mia mbili na kushuka kadiri hewa inavyopungua. Wa kwanza kufika mia huwaonyesha wenzake, na wote hugeuka kurudi, hata kama hao wengine bado wana hewa ya kutosha.

Usiku huo, wakiwa wanavaa, Mwalimu alimtania Fundi.

"Leo upumue kwa adabu. Mwezi uliopita ulitugeuza hata pweza hatujamwona."

"Kifua changu ni kikubwa, Mwalimu. Kinakula hewa."

"Ni kifua au ni woga?"

"Mwache bwana," Nesi akasema. "Kwani anapumua hewa yako?"

Wakacheka, wakaingia.

Maji yalikuwa yametulia. Kwenye kina cha mita nane walimkuta samaki aitwaye pono amelala ndani ya utando wake mwembamba, kama mtu ndani ya chandarua. Mwalimu, aliyekuwa mbele, akachora mduara mchangani: mko sawa? Nesi akajibu. Fundi naye akajibu, na kweli alikuwa sawa.

Baadaye kidogo Mwalimu akauliza tena. Fundi akachora mduara. Kisha akatazama kipimo chake: tisini na tano. Alikuwa amekwisha kupita mia. Akajiambia, nitawaonyesha sasa hivi. Akakumbuka utani wa ufukweni. Akajiambia, kidogo tu.

Unajua mtu anayeogopa anavyopumua? Anapumua haraka, na kadiri anavyotazama kipimo ndivyo anavyozidi kupumua. Pale mbele, taa ya Mwalimu ikamwangukia pweza anayetambaa juu ya jiwe, akibadilika rangi kila anapohama. Kabla ya kumfuata, Mwalimu akachora mduara wa tatu. Na Fundi, ambaye kipimo chake sasa kilisoma arobaini, akachora mduara.

Mwalimu akaenda na pweza wake.

Nesi hakwenda. Alirudi nyuma mpaka wakawa bega kwa bega, akakishika kipimo cha Fundi kwa mkono wake, akakimulika, akakisoma mwenyewe. Hakuchora kitu. Alichomoa mdomo wa akiba wa kupumulia wa mtungi wake akampa, akamshika mkanda wa bega, akamyumbishia Mwalimu tochi, na wakapanda wote watatu polepole mpaka juu. Wakarudi nchi kavu wakielea chali.

Ufukweni Mwalimu akavua miwani. "Nimekuuliza mara tatu, kaka."

"Najua."

"Na mara tatu umeniambia uko sawa."

Fundi akautua mtungi wake mchangani. "Sikupanga kukudanganya. Wewe asubuhi ukiulizwa habari za nyumbani, unajibu nini? Si unajibu nzuri? Hata kama mtoto amelazwa, unasema nzuri kwanza, halafu ndiyo unasema, ila mtoto amelazwa. Nami nilisema nzuri. Hiyo 'ila' ndiyo sikujua niichoreje."

"Ungekufa kwa heshima zako," Mwalimu akasema.

Nesi alikuwa akikamua nywele. "Na wewe, Mwalimu, mara ya tatu alipokujibu ulikuwa unatazama wapi?"

Mwalimu akaanza kufungua mikanda ya mtungi wake.

"Mimi sikuangalia tochi yake," Nesi akasema. "Niliangalia mapovu. Wodini nahesabu pumzi za watu usiku kucha. Zake zilikuwa hazikatiki."

Wapendwa, mlidhani mfano huu ni wa Fundi. Mlikwisha kuandaa fundisho: tuseme kweli kuhusu hali zetu. Ni fundisho jema, na aliyelihitaji alichukue. Lakini Fundi alikuwa na kosa moja, nalo amelikiri. Nani alikuwa na kosa lililofichika zaidi? Ni yule aliyeuliza mara tatu, kwa ishara sahihi, kwa wakati sahihi, na hakutaka kujua.

Sisi ni watu wa kusalimiana, na ni uzuri wetu. Tunaulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za tangu juzi. Je, ni lini uliuliza, ukabaki hapo? Mungu hakutuuliza hali kutoka mbinguni akaridhika na jibu letu. Alishuka, akakaa nasi bega kwa bega.

Tangu mwezi wa pili, kila Jumapili, mmeniuliza pale mlangoni: habari za nyumbani, Mchungaji? Nami nimewajibu, nzuri, tunamshukuru Mungu. Nyumbani hakuna mtu; mke wangu aliondoka. Jioni naandaa sahani mbili, kisha narudisha moja kabatini. Siwaambii haya ili mnihurumie. Nawaambia kwa sababu pale mlangoni mimi nami nimewauliza ninyi, mmoja mmoja, nikajibiwa nzuri, huku mkono wangu umeshanyooka kwa anayefuata. Nimekuwa mchungaji wenu miaka kumi na minne. Sijui ni wangapi kati yenu waliniambia nzuri wakiwa wamebakiwa na pumzi chache. Kwa hilo naomba mnisamehe.

Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni. Nitakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, upande wa dirisha. Atakayetaka kuniuliza habari, aketi. Nami nitakayemuuliza, nitabaki naye mpaka amalize. Na ninyi kwa ninyi fanyeni hivyo hivyo, humu ndani, kabla hamjatoka. Tukichelewa chakula cha mchana, na tuchelewe.