Seva Moja ya Amon

Waliosema jifya moja haliinjiki chungu walijua wanachosema. Jiwe liwe kubwa vipi, likiwa peke yake chungu kitalala upande na mboga itamwagikia majivuni. Vijana wetu wanaojua kompyuta wasidhani methali hii ni ya jikoni tu.

Amon wa Kongowe, Kibaha, alipewa na chuo kimoja cha uuguzi cha huko huko Kibaha kazi ya kutengeneza tovuti ya kuombea nafasi. Anayewahi ndiye anayepata. Mdogo wake, Vailet, aliyekuwa akimuuguza bibi yao Vihingo, kule Kisarawe, aliitamani nafasi hiyo kama mwenye kiu anavyotamani maji.

Siku moja Yasmin, aliyesoma na Amon, alimkuta barazani akifanya kazi.

"Amon, tovuti nzima umeibebesha kompyuta moja? Weka hata seva tatu zipokezane watu, na majina uyahifadhi pengine. Nitakusaidia."

"Ili kesho useme tovuti ni yako? Seva yangu ni trekta, bibie!"

Mama yake Amon, Consolata, aliyekuwa akichambua mchele, akadakia. "Mwanangu, wametangaza kanisani na msikitini, watu wote waingie Jumatatu saa mbili asubuhi. Shughuli ya wilaya nzima unaipikia sufuria moja?"

"Mama, hii siyo pilau."

Yasmin akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jumatatu mama hakutulia. Aliingia, akatoka, akafagia uwanja aliokwisha kuufagia. Saa mbili ilipotimia, Vailet alipiga simu akishangilia: "Kaka, nimeingia! Nimepewa namba!"

Hata hajakata simu, watu wakamiminika tovutini kama kumbikumbi kwenye taa. Seva ikazimika. Amon akaiwasha, ikaanguka. Akaiwasha tena, ikaanguka. Ilipoinuka ilikuwa tupu. Majina yote yalikuwa yamefutika, wala hapakuwa na nakala.

Chuo kikaamua waombaji wafike wenyewe siku hiyo hiyo. Wa Kibaha walikwenda kwa miguu, wakapanga foleni. Vailet alifika kutoka Vihingo jua likizama, vumbi hadi kwenye kope, akakuta nafasi zimekwisha na mlango umefungwa.

Hakumgombeza kaka yake. Alimwonyesha tu ile namba kwenye simu, akasema, "Mimi niliwahi."

Amon akakosa pa kuuweka uso wake.

Basi, wanetu, mkijenga kitu cha kubeba watu wengi, msione haya kuwaita wenzenu. Jifya moja haliinjiki chungu.